Kipindi cha leo: Beringi ya chini ya turbini ya Curtis

REHEMA: Karibuni. Leo tulipanga hatua za kuwasha turbini ya mvuke iliyopoa. Lakini wiki nzima Sefu amenitumia michoro ya kituo cha umeme cha Georgetown, Seattle, Marekani, kile cha 1906, na yote ni ya sehemu moja. Mnaomjua mmeshajua ni ipi.

SEFU: Beringi ya chini, dada, ile inayobeba shafti izunguke! Pale zipo turbini mbili za mvuke za kusimama, aina ya Curtis: shafti wima, jenereta juu, magurudumu ya turbini chini yake. Uzito wote unashukia pale chini.

REHEMA: Eleza inavyobeba, tuendelee na kuwasha.

SEFU: Sahani mbili nene za chuma cha kalibu. Ya juu imefungwa kwenye shafti, ya chini haizunguki. Katikati pana shimo la duara. Pampu inajaza mafuta humo, yanainua rota, yaani shafti na vyote vinavyozunguka nayo, na kutokea pembeni. Piga hesabu: tani 40 juu ya sentimita za mraba 1,000 ni wastani wa kilo 40 kwa kila sentimita ya mraba. Ukingoni presha inaisha, kwa hiyo pale katikati lazima izidi hapo.

REHEMA: Na pampu ikikata?

SEFU: Ndiyo maana kuna silinda ya akiba, pistoni yake imebebeshwa vyuma vizito. Pampu ikikata, vyuma vinashuka na kuendelea kusukuma mafuta.

REHEMA: Akiba ina mwisho, Sefu. Ukifunga mvuke, rota bado inazunguka muda mrefu, hasa kondensa, chombo kinachopoza mvuke, ikiwa na ombwe, yaani haina hewa. Usipoingiza hewa kuipunguza kasi, sahani zinakutana ingali inazunguka, zinasagana. Usanifu unaotegemea pampu kila sekunde ni dhaifu.

SEFU: Sikubali. Mafuta yakiwa safi na presha ikiwepo kabla ya mvuke, hakuna msuguano wa chuma kwa chuma hata kidogo. Kituo cha umeme cha Fisk Street, Chicago, walisimika Curtis ya kilowati 5,000 mwaka 1903. Turbini ya ulalo, yenye shafti iliyolala, nayo ikikosa mafuta, beringi zake zinayeyuka.

REHEMA: Ya ulalo hujitengenezea utando wa mafuta kwa kuzunguka kwake. Hiyo ni tofauti kubwa.

SEFU: Basi nenda bwawa la Julius Nyerere: mitambo tisa ya megawati 235, shafti zote wima!

REHEMA: Pale uzito unakaa juu ya vipande vinavyoinama kidogo, mafuta yanavutwa chini yake na mzunguko wenyewe. Pampu ya presha kubwa ni ya wakati wa kuwasha na kusimamisha tu.

SEFU: Kwa hiyo pampu ipo!

REHEMA: Dakika chache, Sefu, si saa zote!

SEFU: Dakika zile ndizo za hatari, na bado wameiamini pampu.

REHEMA: Hapo hatutakutana. Na muda umetuishia, kuwasha hatujagusa.

SEFU: Hata kutoa maji kwenye mabomba?

REHEMA: Hilo tu, haraka: fungua koki za kutolea maji kwanza, pasha bomba kidogo kidogo. Mvuke ukikuta maji yametuama unayarusha kama nyundo, kiungo kinapasuka. Mengine wiki ijayo.

SEFU: Nitakuja na mchoro wa ile silinda.

REHEMA: Usije nao.