Waya wa kutoka mita hadi sanduku la breka: hesabu kwa joto la Mombasa

Mafundi wenzangu, hamjambo. Leo tunazungumzia kipande kimoja tu cha waya, kile kinachotoka kwenye mita ya stima hadi sanduku la breka. Kinabeba mzigo wa nyumba nzima, na bado ndicho kinachochaguliwa kwa mazoea: "Tia kumi, nyumba yenyewe ndogo." Kumi hapo ni milimita za mraba, unene wa shaba ya waya. Udogo wa nyumba hausemi kitu. Husema mzigo, breka na njia ambayo waya unapita, na hapa kwetu njia ndiyo yenye maneno mengi.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitatu, Bamburi, wanapikia gesi. Shawa ya moto ya wati 5,500: gawa kwa volti 240, unapata ampea 23. Esi (viyoyozi) mbili za BTU 12,000, kama ampea 5 kila moja. Hapo msipunguze kitu. Usiku wa kaskazi zote mbili zinawaka. Pampu ya tangi 5, taa za LED 1. Soketi ni kukadiria: birika 8, pasi 5, friji na televisheni 2. Jumla ni ampea 54, na breka inayofuata juu yake ni ya 63.

Sasa kanuni: mzigo usizidi breka, na breka isizidi uwezo wa waya. Wengi wanaishika nusu ya kwanza. Lakini breka imewekwa kwa ajili ya waya. Ukiweka ya 63 juu ya waya wa kubeba 50, umeuacha waya upikike bila mlinzi.

Tazameni jedwali la waya wa shaba wenye ganda la PVC, ndani ya paipu ukutani: waya wa 10 hubeba ampea 57, wa 16 hubeba 76, wa 25 hubeba 101. Hesabu hizo ni za hewa ya digrii 30. Ukuta unaopigwa na jua la mchana hapa, mimi nauhesabia 40, na kwa 40 unazidisha kwa 0.87. Wa 10 unashuka hadi 49. Wa 16 unabaki na 66, unatosha breka ya 63.

Basi ni 16? Ngoja kwanza. Paipu hiyo ikipita juu ya dari, chini ya mabati, hesabu digrii 50 na uzidishe kwa 0.71. Wa 16 unabaki na 54, haufai tena, itabidi 25. Nyumba ile ile, mzigo ule ule. Kabla ya kununua waya mnene, tafuta njia ya chini yenye kivuli.

Halafu urefu. Mita ikiwa kwenye ukuta wa geti, mita 30 kutoka nyumbani (Kiswahili kimetupa neno moja kwa vyote viwili, mnivumilie), volti zinapotea njiani. Waya wa 10 hupoteza milivolti 4.4 kwa kila ampea kwa kila mita: 4.4 mara 54 mara 30 ni volti 7.1. Taa zinaruhusiwa asilimia 3, yaani volti 7.2, kwa safari yote hadi kwenye globu. Umeshaimaliza kabla hujaingia ndani. Wa 16, wenye milivolti 2.8, hupoteza 4.5. Na kwa umbali huo weka breka kule kule kwenye mita, si nyumbani peke yake.

Dukani msiamini maandishi ya ganda. Waya wa 16 una nyuzi saba, kila uzi milimita 1.7, wa 10 una saba za 1.35. Pimeni kwa kalipa. Kisha kwangua uzi kwa kisu: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, rudisha.

Maungio ndiyo yanayoungua zaidi kuliko waya wenyewe. Hewa ya chumvi hula shaba ikawa kijani, mguso unapungua, joto linazidi, skrubu inalegea. Alumini na shaba zisisokotwe pamoja na kufungwa tepu. Tumia kiunganishi kilichotengenezewa metali zote mbili. Kaza nyutro kwa nguvu ile ile unayokaza laivu. Na sili ya mita ni ya kampuni ya umeme, usiiguse.

Kuna swali hapo nyuma: aliyekwisha kutia 10 ndani ya plasta afanyeje, avunje ukuta? Si lazima. Kama joto la njia ni 40 na urefu ni mfupi, shusha breka iwe ya 40, maana ya 50 imeshapita ile 49. Mwambie mwenye nyumba kwamba shawa, esi, pampu na pasi zikiwaka pamoja, breka inaweza kukata. Akirudi kukuomba umwekee ya 63, mpe bei ya waya wa 16.