Saladi ya pasta ya baridi: isilowe, isigandane, isimdhuru mtu

Binti: Haya karibuni tena, leo tumekaa baraza ya nyuma kwa shangazi, Temeke, kwahiyo mkisikia jogoo au bodaboda inapita msishangae. Shangazi shikamoo.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Na nyie mnaotusikiliza hamjambo, habari za huko.

Binti: Mada ya leo nimeiomba mwenyewe, saladi ya pasta ya baridi. Wiki iliyopita kazini tulikuwa tunamuaga mwenzetu, kila mtu akaambiwa aje na kitu, mimi nikasema nitaleta saladi ya pasta. Nikaamka alfajiri nikachemsha, nikamwaga maji, palepale ikiwa bado inafuka moshi nikatia mayonezi, nikatia hoho na nyanya na matango, nikafunika nikabeba. Saa saba mchana tunafungua, shangazi, chini kuna maji meupe yamesimama, juu pasta zimeshikana bonge moja. Niliumia kwasababu nilinunua hoho za rangi zote tatu.

Shangazi: Pole mwanangu. Hebu niambie, ukiichukua pasta moja ukaibonyeza na vidole ilikuwaje?

Binti: Inapondeka tu, kama uji.

Shangazi: Ehee. Na matango uliyatoa mbegu?

Binti: Sikutoa.

Shangazi: Basi usilaumu mayonezi. Watu wengi saladi ikilowa wanasema mayonezi mabaya, wanabadilisha kampuni, kumbe shida ilianza kwenye sufuria na kwenye ubao wa kukatia. Mimi hii saladi napikia shughuli miaka mingi, arobaini, kitchen party, futari za watu wengi, na nakwambia kazi yote iko kabla ya kuchanganya. Ukifika kwenye kuchanganya umeshamaliza, imeshakuwa nzuri au imeshaharibika.

Binti: Tuanzie kwenye sufuria basi.

Shangazi: Kwanza pasta yenyewe. Chukua ile ya kujisokota, fusili, au zile za umbo la kombe, au penne fupi. Zina mikunjo, mchuzi wa saladi unaingia unakaa mle ndani. Zile ndefu za spageti acha kwa ajili ya rosti, kwenye saladi zinajifunga mafundo na mtu kwenye shughuli ameshika sahani mkono mmoja hawezi kuzila vizuri. Pakiti ya nusu kilo, maji lita 5, chumvi vijiko viwili vya chakula vilivyojaa. Maji yachemke kwelikweli ndio unatia, na ukitia tu koroga, maana dakika mbili za mwanzo ndio zinagandana.

Binti: Chumvi vijiko viwili si nyingi shangazi?

Shangazi: Nyingi inamwagwa na maji. Pasta inabaki na kidogo tu, na hapo ndio nafasi yako ya pekee ya kuitia chumvi ndani, baadae utakuwa unapaka nje. Alafu kuna hili, chakula kikiwa baridi ulimi hauisikii chumvi vizuri wala ukali wa ndimu. Ukionja ya moto ukasema imekolea, ikitoka kwenye friji utasema imepooza. Kwahiyo mimi sionji mara ya mwisho mpaka ipoe.

Binti: Na kuiva? Kwasababu kila mahali wanasema itoe ikiwa na kiini kigumu kidogo katikati.

Shangazi: Hiyo ni ya kula moto. Ya baridi ni tofauti, na hapa ndio watu wengi wanakosea. Si unaujua wali wa jana, ukiutoa kwenye friji punje zimekaza? Na ugali wa jana je? Ule wanga ukipoa unakaza. Pasta nayo hivyohivyo. Ukiitoa na kiini kigumu, kesho yake unatafuna kama mpira. Kwahiyo angalia dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, ongeza moja, mara nyingine mbili, lakini usiiache peke yake. Kuanzia hapo kila dakika toa moja uikate na meno uangalie katikati. Ule weupe wa katikati ukipotea tu, zima. Yako ilipitiliza, ndio maana ilipondeka.

Binti: Niliiacha nikaenda kuoga.

Shangazi: Ndio hivyo. Sasa ikitoka, chujio, maji ya baridi ya bomba, isuuze mpaka ukishika haina joto. Najua kuna watu wanasema pasta haisuuzwi, na ni kweli, ukiwa unatia mchuzi wa moto usisuuze maana ule utelezi unasaidia mchuzi kushika. Kwenye saladi utelezi ule ndio gundi iliyokugandia. Na maji ya baridi yanazuia isiendelee kuiva na joto lake yenyewe.

Binti: Alafu unachanganya.

Shangazi: Hapana, bado! Hapo ndipo wewe na wenzako mnapokimbilia. Mimi natandika kitambaa safi kwenye sinia kubwa, namwaga pasta, natandaza isilaliane. Dakika kumi hivi. Uangalie kile kitambaa kinavyolowa utashangaa maji yalikuwa wapi, maana kila pasta ile ya kujisokota imebeba matone mle kwenye mikunjo. Yale ndio yalikuwa chini ya bakuli lako, hayo pamoja na ya matango.

Binti: Aisee. Mimi nilitikisa chujio mara mbili nikaona imekauka.

Shangazi: Chujio haitoshi. Baada ya hapo irudishe kwenye bakuli, itie nusu ya mchuzi wa saladi. Nusu tu. Geuza, funika, friji. Itakunywa ile nusu yote, ukirudi utaikuta imekauka kabisa. Ile nusu nyingine unatia ukikaribia kupakua. Ukitia yote mara moja inanyonya yote, na watu wanakula kitu kikavu wakati wewe unajua ulitia mafuta nusu kikombe.

Binti: Huo mchuzi wenyewe sasa, niandike.

Shangazi: Kwa pakiti moja, mafuta nusu kikombe, maji ya ndimu au limao robo kikombe, siki pia inafaa. Haradali kijiko kimoja cha chai, hiyo ndio inafanya mafuta na ndimu vishikane visijitenge. Kitunguu saumu punje moja umeiponda na chumvi, pilipili manga, sukari kidogo sana. Tia vyote kwenye chupa ya jamu, funga, tikisa mpaka iwe nzito. Mimi kwa shughuli napenda huu kuliko mayonezi, ni mwepesi, hoho inaonekana rangi yake. Lakini watoto wanapenda mayonezi, basi changanya nusu mayonezi nusu mtindi mzito, na ndimu bado uitie. Mayonezi iwe ya dukani, usipige ya mayai mabichi nyumbani ukaipeleka kwenye shughuli ya jua.

Binti: Mboga je?

Shangazi: Matango pasua katikati, pitisha kijiko ukwangue mbegu zote, kata, nyunyiza chumvi, acha robo saa, alafu kamua kwa mkono. Kitunguu kifanye kama cha kachumbari, fikicha na chumvi, osha mara mbili, kile kiungulia kinatoka. Nyanya toa mbegu na utie mwisho kabisa, parachichi pia mwisho. Hoho, karoti, mahindi matamu, njegere za kuchemsha, zaituni, hizo hazina taabu, tia mapema. Giligilani mwisho.

Binti: Kwa watu wangapi hiyo pakiti moja?

Shangazi: Ikiwa pembeni ya pilau na kuku, watu nane mpaka kumi. Ikiwa ndio mlo wenyewe, wanne. Mimi kwa watu 40 nachemsha pakiti tano, lakini sichemshi zote sufuria moja, nagawa, la sivyo maji yanapoa na zinagandana.

Binti: Na wazee wanaila kweli? Maana sisi pwani tambi tunazijua za sukari na iliki na nazi, zinaliwa za moto.

Shangazi: Babu yako mara ya kwanza aliniuliza, "Mbona chakula kimepoa, hamna gesi?" Nikamwambia baba, hii ichukue kama kachumbari, kula na pilau. Akala. Sasa hivi kwenye Idi anauliza iko wapi. Ndio namna ya kumpa mtu mzima, usimpe sahani nzima peke yake, muwekee pembeni ya kitu anachokijua. Wataliano wenyewe, wenye pasta yao, wakati wa joto wanaila baridi hivihivi, wanabeba wanaenda nayo ufukweni. Na joto la Dar si unalijua.

Binti: Hapo hapo kwenye joto. Naomba tukae hapa kidogo shangazi, kwasababu jana ulinisimulia kitu sikulala vizuri.

Shangazi: Ile ya Ubelgiji. Agosti 2003, familia moja walitengeneza saladi ya pasta siku ya Ijumaa. Jumamosi wakaenda nayo pikiniki. Iliyobaki wakairudisha kwenye friji, na Jumatatu jioni watoto watano wa nyumba ile wakapewa wale. Wote wakaumwa, wakatapika, na yule mdogo kabisa, binti wa miaka 7, akafariki haikupita hata siku. Friji yao ilipopimwa ilikuwa nyuzi 14, wakati inatakiwa iwe chini ya 5. Wale wazazi hawakufanya kitu ambacho sisi hatufanyi mwanangu. Ndio maana nalisema kila nikifundisha hii saladi.

Binti: Na ilikuwa nini, mayonezi?

Shangazi: Wadudu wanaitwa Bacillus cereus. Wako kwenye udongo, kwenye vumbi, kwenye nafaka, yaani wako kila mahali, na mbegu zao hazifi kwa kuchemsha. Wali, tambi, pasta, viazi, hivyo wanavipenda. Chakula kikikaa cha uvuguvugu wanazaliana, wanaacha sumu, na ile sumu ukipasha moto haiondoki. Kwahiyo ile habari ya "nitaikaanga kidogo" haikusaidii.

Binti: Mimi ile yangu ilikaa kwenye begi tangu saa moja asubuhi mpaka saa saba mchana.

Shangazi: Saa sita nzima, tena uliifunika ya moto. Mshukuru Mungu hakuna aliyeumwa. Shirika la Afya Duniani wanasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na Wamarekani wanasema joto likizidi nyuzi 32 iwe saa moja tu. Dar mwezi wa pili hiyo ndio hali ya kila siku.

Binti: Sasa shughuli inaanza saa sita, wageni wanakuja saa nane, unafanyaje?

Shangazi: Naenda na deli. Usiku wa jana yake nagandisha chupa za maji za nusu lita, zile ulizokunywa maji ukabaki na chupa, usizijaze mpaka juu zitapasuka. Bakuli la saladi linaingia kwenye deli, chupa nazizungusha pembeni, juu natandika taulo nafunga. Mezani natoa bakuli dogo tu, la watu kama kumi, na chini yake kuna beseni la barafu. Likiisha natoa jingine. Lililobaki mezani silirudishi kwenye deli, hata kama linaonekana zuri. Mwaka juzi kwenye arobaini umeme ulikatika usiku sisi tumelala, asubuhi nafungua friji nakuta ya vuguvugu, sijui ulikatika saa ngapi. Friji ukiifunga usiifungue inahimili kama saa nne. Mimi saa zenyewe sizijui. Nilimwaga beseni zima, pasta pakiti nne, na kuku wote. Mama mwenye shughuli alilia, nikamwambia bora tulie kwa ajili ya kuku.

Binti: Mmh. Na mimi nyumbani sasa, siku za kazi, narudi saa moja usiku nimechoka?

Shangazi: Jumapili chemsha pakiti moja, suuza, kausha, itie mafuta vijiko viwili, weka kwenye kontena lenye kifuniko, friji kabisa, usiiache mezani ikakusubiri. Usitie kitu kingine. Jumatatu unatoa sehemu yako, unatia jodari wa kopo na kitunguu na ndimu. Jumanne kuku wa jana umemchambua, na hoho. Jumatano maharage yaliyochemshwa, nyanya, giligilani na pilipili mbuzi kidogo. Kila siku ladha nyingine, kuchemsha mara moja. Siku ya nne iliyobaki tupa.

Binti: Dakika kumi nakula.

Shangazi: Hata kumi hazifiki kama mchuzi uko kwenye chupa tayari.

Binti: Jumamosi tuna ile shughuli ya dada, nimeomba nitengeneze mimi tena. Pasta nimeshanunua, za kujisokota.

Shangazi: Na chupa za barafu umegandisha?

Binti: Nne.

Shangazi: Ongeza nne nyingine leo hii, Jumamosi tutakaa nje.