Kivuli cha Magere

Mhadhara kwa walimu na wanafunzi wa fasihi, Kisumu

Wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliobanana huko mlangoni, hamjambo.

Naanza na jiwe. Wengi wenu mmefika kule Kano mkaligusa. Tangu zamani watu wamenolea mikuki na visu pale kabla ya kwenda kuwinda, wakiamini kwamba silaha iliyonolewa juu yake hairudi bure. Nilipowapeleka wanafunzi wangu, kijana mmoja alichomoa kisu mfukoni, akakipitisha mara tatu, kisha akanitazama kwa woga. Nikamwacha anoe.

Jiwe hilo ndilo Lwanda Magere, shujaa wa Waluo anayesemekana aligeuka jiwe alipouawa. Hadithi mnaijua tangu ile *chon gi lala*, yaani hapo zamani za kale, ya bibi zenu: mkuki ukimpiga unadunda, mshale unavunjika. Walang'o, ndio majirani zetu Wanandi, walipochoka kuzika vijana wao walimletea binti mzuri awe mke wake. Wazee wakamkanya. Hakusikia.

Sasa twendeni polepole. Magere anaugua. Mke mgeni anataka kumchanja ili ampake dawa, wembe unateleza juu ya ngozi kama juu ya kigae. Mgonjwa anamwambia: usinichanje mimi, chanja kivuli changu. Basi mwanamke anainama, anaupitisha wembe ardhini pale kivuli kilipolala, na damu inatoka mchangani. Usiku huohuo anatoroka kwenda kwao. Vita vilivyofuata, mkuki ukalenga kivuli.

Kwa miaka mingi nilifundisha kisa hiki kama kisa cha usaliti. Mwanamke mbaya, shujaa mwema, andikeni insha. Kisha siku moja msichana mmoja, ambaye kwao ni ng'ambo ya Muhoroni, kwenye vilima vya Wanandi, alinyoosha mkono. "Mwalimu, kama Magere angekuwa anawamaliza kaka zako wewe, ungemwambia huyo binti afanye nini?" Darasa likanyamaza. Mimi pia.

Swali lile ndilo lililonileta mbele yenu leo. Katika masimulizi yote niliyolelewa nayo, hakuna hata mahali pamoja ambapo Magere anaulizwa kwa nini vita vile vinapiganwa. Haulizwi kwa sababu anashinda. Ushindi umeziba mdomo wa kila mtu, hata wa msimulizi. Tunasema alikuwa jasiri, nami nakataa: mtu asiyepenywa na mkuki anahitaji ujasiri wa nini? Jasiri alikuwa yule aliyeingia nyumba ya adui bila ngao, akala naye, akalala naye, huku akijua kwamba akigunduliwa hakuna atakayemwokoa. Kwa haki yote tunayomdai, hatujampa hata jina.

Msinielewe vibaya. Sisemi binti alikuwa na haki yote. Alimwumiza mgonjwa aliyemwamini, na hilo linanikera kila ninaposimulia. Nasema tu kwamba hadithi yenyewe ina akili kuliko sisi tunaoifundisha, kwani imeuweka udhaifu wa shujaa mahali ambapo ni lazima amtegemee mtu mwingine.

Watu wa pwani wana shujaa wao, Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo nampenda zaidi, kwa kuwa alikuwa mshairi. Alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea mkate wa wishwa uliofichwa tupa ndani. Kelele za ngoma na nyimbo zikafunika sauti ya chuma kikikatwa. Mkate wa wishwa, chakula ambacho walinzi hawakukitamani! Sultani wa Pate aliposhindwa na nguvu alifanya kama Walang'o, akaingia kupitia nyumba. Alimhadaa mwana wa Liyongo kwa ahadi kubwa, naye akamchoma babake sindano ya shaba kitovuni alipokuwa amelala.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni kisimani. Liyongo, akiwa na jeraha lile, alitoka, akapiga goti karibu na kisima, akaweka mshale katika uta. Akafa hivyo hivyo. Watu hawakujua. Wakaogopa kuteka maji siku nyingi. Fikirieni: shujaa aliyeonewa, haki iko upande wake waziwazi, na bado nguvu zake, baada ya roho kutoka, zinawanyima maji watu waliompenda.

Tuna methali mbili kali: mwenye nguvu mpishe, na mnyonge hana haki. Vijana huzinukuu kana kwamba ni sheria. Mimi nazisikia kama kilio cha mtu aliyekwisha kupisha njia mara nyingi. Walimu, tunapowapa watoto hadithi za mashujaa, tuwaruhusu wasimame pia kisimani na mtungi mtupu.

Yule msichana wa vilimani nilimwomba aandike kisa upya. Ukurasa mmoja tu. Ndani yake binti anakimbia usiku, anafika mtoni, anapiga magoti kunywa maji, na anagundua kwamba wembe bado ameushika. Anauosha. Kisha anauosha tena. Chini ya ukurasa aliniandikia kwa penseli: "Mwalimu, sijui kama avuke."