Bekapu Ilikuwepo, Ikakosa wa Kuisoma

ZUHURA: Karibuni tena. Kaka Baraka, sauti imenikauka. Wiki hii nimekesha kwenye seva ya watu.

BARAKA: Pole sana, dada. Ni ule mfumo wa mauzo ulionidokeza?

ZUHURA: Ndiyo huo. Mafundi wao waliweka beta, yaani toleo la majaribio, ya PostgreSQL, programu ya hifadhidata, na ankara za wateja zikawa zinaingia humo kila siku. Beta iliyofuata ilipotoka, wakasasisha kama wanavyosasisha programu nyingine yoyote. Seva ikagoma kuwaka. Inasema faili za data haziendani nayo.

BARAKA: Ilifanya vyema kugoma. Kati ya beta na beta mpangilio wa ndani unaweza kubadilika, na wenyewe hutuonya tusiitumie kwenye kazi halisi. Mwaka 2014, kwenye toleo la 9.4, walibadilisha jinsi jsonb, aina ya data ya kutunza taarifa za muundo wa JSON, inavyohifadhiwa walipofika beta ya tatu. Aliyehifadhi jsonb kwenye zile mbili za mwanzo ilibidi atoe data nje na kuiingiza upya. Lakini bekapu si walikuwa nayo?

ZUHURA: Walikuwa nayo, ya usiku uliotangulia, nzima kabisa.

BARAKA: Basi kazi ikaisha.

ZUHURA: Ndipo ilipoanza! Walinakili folda ya data kama ilivyo. Nakala hiyo inasomwa na beta ileile iliyoiandika, na beta hiyo walikwisha kuifuta waliposasisha.

BARAKA: Lo! Orodha yetu ya leo ingoje kwanza. Mlitokaje?

ZUHURA: Tulitafuta msimbo wa beta ya zamani, tukaujenga kwenye mashine ya pembeni, tukaiwasha ile nakala humo. Kisha pg_dump, zana ya PostgreSQL ya kutoa data nje, ikatoa kila kitu kama maandishi ya SQL, lugha ya hifadhidata, tukayaingiza kwenye toleo rasmi.

BARAKA: Yakaingia yote?

ZUHURA: Hayakuingia yote. Walikuwa wameshaandika ripoti kwa vipengele ambavyo toleo rasmi halina. Hizo tuliziandika upya kwa mkono.

BARAKA: Na hata kungoja toleo rasmi kusingewahakikishia. Beta za PostgreSQL 15 zilikuwa na JSON_TABLE, ya kugeuza data ya JSON kuwa jedwali. Septemba 2022 ikaondolewa kabla toleo halijatoka, ikarudi kwenye 17, mwaka 2024. Aliyeijengea ripoti za uhasibu angengoja miaka miwili.

ZUHURA: Kilichoniuma zaidi ni mauzo yaliyoingia baada ya bekapu. Watu wa hesabu waliyaingiza tena moja moja kutoka kwenye risiti. Hawakuchagua beta wao, hata kuulizwa hawakuulizwa. Ndiyo maana nasema biashara ndogo iachane na beta kabisa. Toleo rasmi likitoka, isubiri masahihisho mawili matatu ndipo ihame.

BARAKA: Hapo sikubaliani nawe. Kuiandikia beta data halisi, hapana. Lakini nakala pembeni, beta inawashwa, ripoti za mwisho wa mwezi zinapigwa, hilo lifanyike mapema.

ZUHURA: Lifanywe na nani? Fundi wao ni mmoja.

BARAKA: Huyo huyo mmoja. Toleo la 14 lilitoka Septemba 2021 likiwa limepita beta zote. Ukijenga faharasa, ile ya kutafutia data haraka, kwa CONCURRENTLY, yaani bila kusimamisha uandishi wa data, ingeweza kuharibika kimyakimya. Unatafuta ankara kwa namba yake, unaambiwa haipo, kumbe imo kwenye jedwali. Dawa ilikuja na sahihisho la 14.4, Juni 2022. Tungepima wengi zaidi kwa data yenye sura ya kweli, huenda ingeonekana mapema.

ZUHURA: Mfano huo unanisaidia mimi! Aliyengoja 14.4 hakuguswa.

BARAKA: Kwa sababu wengine waliguswa kabla yake. Wote tukingoja, nani ataikuta hitilafu?

ZUHURA: Wenye mafundi wa kutosha. Mwenye duka la bidhaa hana deni la kuwapimia watu hifadhidata.

BARAKA: Analo kwa wateja wake. Siku ya kuhama ikifika, mfumo wake utakuwa haujawahi kuonja toleo jipya.

ZUHURA: Atauonjesha likishatoka rasmi.

BARAKA: Wakati huo hitilafu atakayoikuta tayari imo ndani ya toleo.

ZUHURA: Hunipati, kaka.

BARAKA: Nawe hunipati. Na muda umetuishia. Leseni, mikataba ya msaada, matoleo ambayo muuzaji wa programu ameyathibitisha, vyote hatujavigusa.

ZUHURA: Vitangoja. Ila wewe ambaye beta yako inapokea data halisi sasa hivi, usisasishe usiku huu. Endesha pg_dump ya beta hiyohiyo kwanza, faili ukaihifadhi kwenye mashine nyingine.