Mkaa, Luku ya Kushea na Uniti 75: Dar Itapikia Nini?

Zuhura: Karibuni tena wasikilizaji. Leo tunazungumzia nishati na mazingira hapa Dar es Salaam, na nimemwomba Deo tusianze na taa za barabarani wala mwendokasi. Tuanze na jiko. Inakadiriwa karibu nusu ya mkaa wote wa Tanzania unaishia katika jiji hili.

Deo: Na hasara kubwa iko hapo, dada Zuhura. Tukisema kubana matumizi ya nishati, watu wanawaza kuzima taa na kuchomoa chaja. Sawa, zima taa. Lakini tazama gunia la mkaa linakotoka: Kilwa, Rufiji, Handeni, Kilosa. Kwenye tanuri la udongo la kienyeji, kilo kumi za kuni zinatoa kilo moja au mbili tu za mkaa. Sehemu kubwa ya nishati ya ule mti imepotea porini, hata lori halijawashwa.

Zuhura: Halafu kuna maji. Mnakumbuka mgao wa maji wa mwishoni mwa 2022? Mto Ruvu, unaotupa maji hapa Dar, ulikuwa umepungua vibaya. Ukame ulikuwepo, hakuna anayebisha, lakini mito inayoilisha Ruvu inashuka kutoka Uluguru, na mlima ukivuliwa miti hauwezi kutunza maji. Mama wa Kimara anayenunua mkaa wa kopo ndiye huyohuyo anayehangaika na dumu la maji. Hilo linaniuma sana.

Deo: Serikali imeliona. Mei 2024, hapahapa Dar, ulizinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimeagizwa ziachane na kuni na mkaa.

Zuhura: Na taasisi zinaweza. Gereza la Keko limeunganishwa na gesi asilia ya bomba. Taasisi ina bajeti, ina jiko moja kubwa, na ina mtu wa kuulizwa mambo yasipokwenda.

Deo: Enhee. Nyumba ya kupanga ya Manzese haina hata kimoja kati ya hivyo. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka mkaa upigwe marufuku hadi majumbani.

Zuhura: Mimi ni mmoja wao, Deo, na sijifichi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019. Watu walilalamika, wakazoea.

Deo: Walizoea kwa sababu mfuko mbadala ulikuwepo gengeni siku hiyohiyo. Mkaa ukiuondoa kesho, mpangaji atapikia nini kesho kutwa? Gesi? Mkaa unauzwa kwa kopo, unanunua wa kupikia leo. Mtungi, hata ule mdogo wa kilo sita, unataka ujazwe wote kwa mkupuo. Mtu anayelipwa kwa siku hela hiyo haikai mkononi. Kuna gesi za kulipia kidogo kidogo kwa simu, ni wazo zuri sana, lakini hazijafika kila uchochoro.

Zuhura: Umeme je? Bwawa la Nyerere kule Rufiji lina mitambo tisa, megawati 2,115. Zamani tulikuwa tunasema umeme hautoshi. Sasa upo.

Deo: Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kwanza tuondoe hofu moja: kupikia umeme si lazima kumalize luku, yaani umeme wetu wa kulipia kabla. Maharage ya familia kwenye jiko la presha la umeme hayamalizi hata uniti moja. Lile jiko limefunikwa vizuri, likishapata moto linajizima na kujiwasha lenyewe, joto halitoki. Ni tofauti kabisa na koili, ile nyekundu inayopasha moto chumba kizima. Watu wengi waliichukia koili, wakakilaumu kila kitu chenye waya.

Zuhura: Sasa kikwazo kiko wapi?

Deo: Kwenye mita. Sikilizeni hesabu hii, wasikilizaji, maana inawahusu. Kwa bei zilizopangwa mwaka 2016 na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati na maji, mteja mdogo wa majumbani yuko kundi la D1. Kabla ya kodi na tozo, uniti yake ni shilingi 100, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Kundi la kawaida, T1, uniti ni shilingi 292. Karibu mara tatu! Sasa chukua nyumba ya vyumba sita, luku moja. Gawanya 75 kwa sita: kila chumba uniti 12 na nusu kwa mwezi mzima. Taa, feni, simu, redio, zimekwisha. Punguzo lililowekwa kumlinda mtu wa kipato cha chini linampita, kwa sababu machoni pa mita watu wa vyumba sita ni mteja mmoja mwenye matumizi makubwa.

Zuhura: Kwa hiyo mwenye nyumba ya peke yake, mtumiaji mdogo, analipa 100, na wapangaji sita waliobanana wanalipa 292.

Deo: Ndivyo. Na kabla hata ya bei kuna ugomvi. Kuna nyumba ngapi mwenye nyumba amesema marufuku kupika kwa umeme, marufuku pasi? Si roho mbaya. Luku ikikatika saa mbili usiku wapangaji wanaanza kunyoosheana vidole, nani katumia, nani hajachangia. Dawa aliyoiona ni kukataza. Mpangaji anarudi kwenye mkaa, moshi unabaki koridoni, na watoto wanakohoa.

Zuhura: Umenigusa. Lakini hapo naona kazi ya jiji, si ya wizara peke yake. Vibali vya ujenzi vinatoka halmashauri. Ukitaka kujenga nyumba ya vyumba vya kupangisha Mbagala au Tandale, sharti liwe ramani ioneshe mita ya kila mpangaji na sehemu ya kupikia yenye soketi imara. Manispaa zikiamua zinaweza. Kinondoni walishirikiana na Hamburg, mji dada wa Dar tangu 2010, wakapata kiwanda cha mboji Mabwepande, na taka za masokoni zinageuzwa mbolea badala ya kwenda kuoza dampo la Pugu. Hawakusubiri nchi nzima iwe tayari.

Deo: Kwa nyumba mpya nakubali. Lakini nyumba kuukuu ndizo nyingi. Huko mzigo ni wa shirika la umeme, TANESCO, na EWURA: ama mita za ziada zitolewe kwa gharama ambayo mpangaji anaimudu, ama ukomo wa uniti 75 uhesabiwe kwa kaya badala ya mita. Serikali ya mtaa inajua kila nyumba ina kaya ngapi. Balozi anajua hadi majina.

Zuhura: Na hayo yakifanyika, utakubali marufuku?

Deo: Mtaa kwa mtaa, ndiyo. Mtaa ambao kila kaya ina mita yake, uza huko majiko ya presha kwa mkopo wa kukatwa kidogo kidogo kwenye luku, kisha weka tarehe ya kufunga vituo vya mkaa. Mama lishe nao wapewe muda wao, maana mtaji wao ni mdogo.

Zuhura: Mimi ningeitangaza tarehe kwanza. Bila tarehe, hizo mita zitazungumzwa hadi 2034, na msitu unakatwa leo.

Deo: Hapo hatutaelewana leo, dada.

Zuhura: Basi wasikilizaji watusaidie. Tuandikieni: nyumba yenu ina kaya ngapi kwenye luku moja, mko D1 au T1, na mwenye nyumba anaruhusu kupika kwa umeme? Msitaje jina lake wala namba ya mita. Tukikusanya majibu ya kutosha, tutayapeleka ofisi ya serikali ya mtaa kwanza, tusikie wanasemaje.