Mtoto Ajue Kabla ya Polisi

Mabibi na mabwana, nanyi vijana mnaoandika filamu hapa Nairobi, hamjambo.

Jioni hii namtetea mtu anayekimbia bila kosa. Namaanisha yule wa filamu za kuchekesha, zile ambazo mzazi hukaa na wanawe akazitazama bila kushika rimoti.

Mtazameni Charlie Chaplin katika The Circus, ya mwaka 1928. Mwizi wa mifukoni amemwibia mzee pochi na saa. Akiona anakaribia kushikwa, anavitumbukiza mfukoni mwa maskini Chaplin, ambaye hana habari. Ana njaa tu, na muda si muda anamega mkate wa mtoto aliyebebwa begani na baba yake. Mwizi anarudi kuvichukua vitu vyake vya wizi. Polisi anamnasa, kisha, tazameni hapa, anamkabidhi Chaplin ile pochi akidhani ni yake! Mara mwenyewe anatokea, anaiona mali yake mkononi mwa mwingine, anaita polisi. Mbio zinaanza.

Hakuna mjinga hapo. Mzee kaona kwa macho yake, polisi yuko kazini. Anayeujua ukweli wote ni mtoto wa miaka sita aliyekaa ukumbini, na kicheko chake kinatoka hapo. Mkimficha ukweli ili mje kumshangaza mwishoni, atakaa na hofu saa nzima. Buster Keaton, mchekeshaji mwingine wa filamu za enzi hiyo, naye alilijua hilo. Katika The Goat, ya 1921, anachungulia dirisha lenye nondo la kituo cha polisi, ambako muuaji anapigwa picha; muuaji anainama, picha inapigwa: uso wa Keaton ndio unaobandikwa kutani, mikono imeshika nondo. Tumeshaona yote.

Sasa ileteni Nairobi, maana kazi iko hapa. Mtu akipaza sauti katika soko la Muthurwa au Gikomba, “Mwizi!”, nani huuliza? Mawe huokotwa, tairi hutafutwa. Wasio na hatia wameuawa hivyo, ilhali kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinasema mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Mtoto wa Nairobi anayajua hayo. Umati ukianza kumkimbiza mtu wenu, kicheko kitamkauka kooni, na sitamlaumu.

Basi mfukuzaji awe mmoja, mwenye sura na shughuli zake. Awe mama mboga aliyeibiwa simu, anakimbia na aproni yake, anasimama kumkatia mteja sukuma wiki, anapokea hela, anaendelea kukimbia. Mtu mmoja huchoka, na akichoka husikiliza. Chaplin alijifanya sanamu ya mashine ili polisi wampite. Wetu ajifanye sanamu ya kuvalishia nguo katika kibanda cha mitumba, akauke kabisa, halafu mteja aje ashike pindo na kuanza kupatana bei ya suruali aliyoivaa. Muuzaji naye, kwa tamaa, akubali! Mngefanya nini hapo, mkiwa yeye?

Ila tukio la simu kuibwa liwekeni mapema, kabla ya mbio zozote, na kamera ikae chini, kwenye kimo cha mtoto, mkono wa mwizi uonekane wazi ukiingia mfukoni na kutoka.

Karibuni kwa maswali. Nianze na yule dada wa nyuma.