Taa ya Wati 300 na Paneli ya Ukubwa wa Daftari

Asalaam alaykum. Wale mlionisikia kule skuli, na wale mlionisikia bandarini, mtanivumilia: leo tena nimekuja na futi yangu. Nimeambiwa nizungumzie aina za taa za fladi, hizi za LED tunazomulikia uwanja na uani. Nitazungumza. Lakini naanza na za sola, kwa sababu huko ndiko tunakoliwa.

Msimu wa karafuu nilinunua moja, watu wapate kuchambua uani hadi usiku. Boksi limeandikwa wati 300, maandishi makubwa kama bango la uchaguzi. Muuzaji akaiwasha akanielekezea machoni, maana ndivyo zinavyouzwa, unapofushwa kwanza ndio unatoa pesa. Nikatoa. Mimi, fundi! Saa mbili usiku uani ni mchana. Saa tatu bibi mmoja akauliza kama kuna wingu limepita. Saa nne taa unaiona, karafuu huzioni. Watoto wakawasha tochi za simu, na makonyo, vile vijiti vya karafuu, yakaingia gunia moja na karafuu.

Asubuhi nikafanya nililopaswa kulifanya dukani. Nikaipima paneli: sentimita 35 kwa 25, daftari mbili hazijai. Haya, hesabuni nami. Jua la saa sita mchana linamwaga kama wati 1,000 kwa kila mita mraba, na paneli nzuri inageuza kama asilimia 20 tu kuwa umeme. Kwa hiyo mita mraba nzima inakupa wati 200. Hii yangu haifiki hata sehemu ya kumi ya mita mraba. Wati 17, na hapo nimeihurumia. Ipe saa tano za jua zuri, umepata wati-saa 85. Toa zinazopotea kwenye betri na njiani, tuseme zimebaki 60. Gawa kwa usiku wa saa 12. Wati tano! Kwa mwanga, hiyo ni karibu sawa na glopu ya zamani, ile ya waya, ya wati 40. Tena hilo ni jua la kiangazi. Masika je?

Nilirudi dukani. Nikajibiwa kwamba 300 ni uwezo wa chipu zote, vile vipande vinavyotoa mwanga, zikijumlishwa. Sawa, na mimi nina tangi la lita 1,000, lakini bomba linatoa kikombe.

Najua kuna atakayesema, "Mchina huyo." Hapana. Viwanda vya huko huko vinatengeneza taa nzuri pia, ni sisi tunaoagiza boksi badala ya taa. Uliza lumeni, usiulize wati. Wati ni kile inachokula, lumeni ni kile inachokupa. LED ya kweli haikosi lumeni 100 kwa kila wati. Muuzaji asiyejua lumeni zake, muage kwa heshima.

Sasa za umeme wa waya. Ukiitazama imezimwa ukaona kipande kimoja cha njano katikati kama kiini cha yai, hiyo ni COB. Joto lote limekaa pale, kwa hiyo itazame mgongoni: kama haina mapezi mazito ya alumini, haikai. Ukiona vipele vingi vimetawanyika, hiyo ni SMD, joto limegawanyika. Halafu kuna ile inayojificha ndani ya vipele hivyo hivyo, DOB: haina draiva, kile kifaa kinachosawazisha umeme, yake mbali, kila kitu kimebandikwa kwenye bao moja. Ielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea, inapepesa mara 100 kwa sekunde. Umeme ukiruka, inakufa yote, wala huna cha kubadilisha. Utaniambia yenye draiva ni ghali. Nguzo ya mita nane utaipanda mara ngapi kwa mwaka?

Na msinionyeshe IP65, ile alama ya kinga ya vumbi na maji, mkadhani mmemaliza. Sita ni vumbi, tano ni maji ya kurushwa. Tarakimu ya chumvi hamna! Nimeona pwani taa ya IP65 ambayo skurubu zake zimeoza kwa kutu. Zikilegea, mpira hauibani tena, na mvua ya kwanza imo ndani. Takeni skurubu za 316, chuma cha baharini. Na waya wa ethi ufungwe, lile ni boksi la chuma. Ninyi mafundi mnaoukata uonekane nadhifu, mnanielewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Pembe ya mwanga nitaipita: digrii 120 kwa uani, nyembamba kwa nguzo ndefu ya uwanjani, mengine mtaniuliza. Rangi ya mwanga hupimwa kwa Kelvini: 6500 ni ya buluu, ya nyumbani chukueni 3000. Na wenye hoteli za ufukweni, huko kisiwa cha Mnemba na kwengineko kasa hutaga. Watoto wao wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga, na bahari iko upande mwengine. Zifunikeni, zielekezeni chini, au zimeni. Hilo lilitaka siku yake.

Ile taa yangu iko pale mezani. Futi hii hapa, anayeniona muongo akaipime.